Unukuzi wa laivu: stenotaipu, mrudiaji, mchapaji au AI peke yake, uchukue kipi?

Sikio langu la kushoto halifanyi kazi kabisa na la kulia linajikongoja na kifaa chake, kwa hiyo ni miaka sasa mikutano na mihadhara siisikilizi, naisoma. Mtu anaongea kule mbele, maneno yanajitokeza kwenye skrini, mi nasoma. Nimeshapitia karibu kila aina ya hii huduma, nzuri na mbovu, na kila mtu anayeandaa kikao chenye viziwi au watu wenye usikivu hafifu akinifuata kuniuliza achukue ipi, swali lake la kwanza huwa ni lile lile, usahihi wake asilimia ngapi?

Haya, tuanze na hiyo asilimia basi tuimalize. Mtu anayeongea Kiingereza kwa mwendo wa kawaida anatoa maneno kama 150 kwa dakika, saa nzima ni maneno 9,000. Ukiambiwa usahihi ni 99% maana yake makosa 90 kwa saa. Ukiambiwa 95%, namba ambayo kwenye mtihani wa shule ungeshangilia, hapo ni makosa 450 kwa saa, yaani kama saba na nusu kila dakika, jaribu kusoma kitu cha namna hiyo saa mbili uone kichwa kitakavyogonga. Kiswahili ukihesabu maneno yanapungua kwa sababu neno letu moja limebeba mzigo wa maneno manne ya wenzetu (hawajatuambia, hilo neno moja), ila mdomo haujapunguza spidi hata kidogo, na kosa kwenye neno moja kama hilo linaondoka na sentensi nzima.

Lakini kinachonisumbua mi sio idadi. Ni kosa lenyewe linafananaje. Kuna kosa ukiliona unajua hili ni kosa, na kuna kosa linakuja limevaa suti na tai, umelisoma, umeliamini, umeenda nalo nyumbani. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha kazi, programu ya simu inaninukulia vizuri tu, ikaandika "mkataba utasainiwa Ijumaa". Nikajipanga na Ijumaa yangu. Kumbe aliyeongea alisema hautasainiwa. Silabi moja tu, "ha", imemezwa, na hakuna kitu chochote kwenye ile skrini ambacho kingenistua. Tangu siku hiyo nalinganisha hizi njia kwa swali moja, ikikosea, nitajua?

Njia zenyewe ni nne. Kuna mwandishi wa stenotaipu, kuna mrudiaji (anasikiliza halafu anairudia hotuba kwa sauti yake kwenye programu), kuna mchapaji wa kibodi ya kawaida mwenye vifupisho, na kuna programu ya kutambua sauti inayojiendesha bila mtu, ambayo siku hizi kila mtu anaiita AI.

Stenotaipu

Nakaa hapa kidogo maana ndo watu wengi hawajawahi kuiona kwa macho. Ni mashine ndogo ya hati mkato, ile ya Kiingereza ina vitufe 22 na juu yake kitufe kirefu cha namba, na vitufe vyenyewe havijaandikwa chochote. Hapigi herufi moja moja, anabonyeza vitufe kadhaa kwa mkupuo mmoja kama mtu wa kinanda, na pigo moja linatoa silabi nzima au neno zima au hata kifungu cha maneno. Mkono wa kushoto unashika konsonanti za mwanzo, vidole gumba vinashika irabu, mkono wa kulia unashika konsonanti za mwisho. Herufi hazitoshi kwenye vitufe kwa hiyo zinaungwa, kwa mkono wa kushoto D ni T na K kwa pamoja, B ni P na W, L ni H na R, M ni P na H, N ni T na P na H. Hata irabu ziko nne tu, A, O, E, U, ukitaka I unabonyeza E na U. Mashine inapeleka mapigo kwenye kompyuta, kompyuta inayatafuta kwenye kamusi ya mwandishi mwenyewe, kamusi aliyoijenga kwa miaka ina maelfu kwa maelfu ya maingizo, halafu neno linatokea kwa maandishi ya kawaida. Yote hayo kwa sekunde mbili tatu.

Zamani haikuwa hivo. Mashine ilikuwa inatoa ukanda wa karatasi uliojaa herufi ambazo ukizitazama ni kama mtu kakanyaga kibodi, na mwandishi alikuwa anarudi kukaa nao akauchape upya. Kompyuta ndo ikaleta laivu, na Marekani habari za televisheni zilianza kupata maandishi ya papo hapo kwa njia hii mwaka 1982. Spidi yake ni ya kutisha. Kule Marekani cheti cha kawaida cha mwandishi wa mahakama kinataka afike maneno 225 kwa dakika kwenye maswali na majibu, na rekodi ya Mark Kislingbury ya mwaka 2004 ilikuwa maneno 360 kwa dakika kwa usahihi wa zaidi ya 97%. Hakuna binadamu wa kibodi ya kawaida anayeigusa hiyo.

Sasa rudi kwenye swali langu. Mwandishi wa stenotaipu akiteleza kidole mara nyingi kinachotoka ni takataka, neno halipo kwenye kamusi basi skrini inaonyesha mapigo mabichi, kitu kama "TKPWHREUFPBLG", au silabi zimekatika sehemu ambayo haina maana. Msomaji unaona hapa pamevunjika, unasubiri au unauliza. Na kuna kitufe cha nyota ambacho kinafuta pigo la mwisho, unaona neno limeandikwa, limefutika, limekuja sahihi. Watu wengine wanakereka na huko kufutika, mi kunanipa amani, najua kuna mtu macho upande wa pili. Sio kwamba hakosei makosa ya kudanganya, anakosea, hasa jina asilolijua ambalo kamusi inaligeuza kuwa maneno mawili ya kawaida. Ila kwa uwiano, hii ndo njia inayokiri makosa yake waziwazi kuliko zote.

Tatizo ni mbili. Kwanza watu wenyewe ni wachache, mafunzo yanakula miaka na wengi wanaishia njiani wakiwa wamekwama kwenye spidi fulani haipandi haishuki. Mashine za kitaalamu ni ghali pia, ingawa tangu 2010 ipo programu ya bure inaitwa Plover iliyoanzishwa na Mirabai Knight, ambayo inamwezesha mtu kujifunza hata kwa kibodi ya kompyuta mradi iwe inakubali vitufe vingi vikibonyezwa kwa pamoja (kibodi nyingi za kawaida zinakataa, jaribu kwanza kabla hujajilaumu kwamba vidole vyako vibaya).

Pili, na hili kwetu ndo kubwa, mpangilio ule ulijengwa kwa sauti za Kiingereza. Vitufe 10 vya mkono wa kulia ni vya konsonanti za mwisho wa silabi, ila silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo nusu ya mashine inakaa bure. Neno "katika" linakuwa mapigo matatu, ka-ti-ka. "Tumewaambia" ndo usiseme. Inawezekana kuizunguka, mwandishi akivipa vile vitufe vya kulia kazi nyingine na akajitengenezea mapigo ya mkato ya viambishi, tume-, hawaja-, wata-, lakini hiyo ni kazi ya miezi na miezi, sio kitu cha kusema nitajaribu wiki ijayo. Kwa hiyo mtu akikuambia anafanya Kiswahili kwa stenotaipu usimkatalie, muulize tu kamusi yake ya Kiswahili ina nini na ameitumia kwenye vikao vingapi. Jibu lake litakuonyesha.

Mrudiaji

Huyu anakaa pembeni au chumba kingine, anavaa hedifoni, anasikiliza mzungumzaji na papo hapo anarudia maneno yale yale kwa sauti yake, bila hisia, silabi zimekatwa vizuri, na alama anazitamka, "koma", "nukta", "alama ya kuuliza". Programu inaandika sauti yake yeye. Wengine wanatumia kinyago cha mdomo kinachozuia sauti isitoke nje, wazo la tangu miaka ya 1940 ambalo lilianzia mahakamani. BBC walianza kulitumia kwa maandishi ya laivu ya televisheni mwaka 2001.

Uzuri wake ni kwamba programu inasikia sauti moja tu, safi, iliyoizoea, hata kama ukumbini kuna mzee anakohoa, feni inalia na mzungumzaji ana lafudhi ambayo programu haijawahi kukutana nayo maishani. Yule mtu wa katikati ndo anachuja. Akisikia "hatakuja" anaweza kuisukuma ile "ha" kwa nguvu. Na mafunzo yake ni mafupi kuliko ya stenotaipu.

Ubaya, kosa likipita linakuwa kosa zuri. Programu haijui kuandika takataka, inachagua neno halisi linalofanana. Mrudiaji mzuri anaangalia skrini na kulisahihisha huku anaendelea kusikiliza na kuongea, kazi tatu kwa mara moja, ndo maana wanakuwa wawili na wanapokezana kila baada ya nusu saa au chini ya hapo. Ukiona umetumiwa mmoja kwa siku nzima ujue mchana huo utasoma vituko. Halafu kuchelewa kunaongezeka, maneno yanafika sekunde kadhaa baada ya kusemwa, kwa hotuba haina shida ila kwa mjadala wa haraka unajikuta unacheka utani wakati wenzako wameshahamia ajenda nyingine.

Kwa Kiswahili inategemea kabisa kama programu anayotumia inakijua Kiswahili vizuri. Bila hiyo mrudiaji ni mtu anaongea peke yake chumbani.

Mchapaji

Mtu anayechapa vizuri kibodi ya kawaida anafika maneno 60 mpaka 80 kwa dakika. Mzungumzaji yuko 150. Hesabu haifungi, na hakuna ujanja wa kuifunga zaidi ya kufupisha. Ipo mifumo iliyoundwa kwa kazi hiyo, TypeWell na C-Print, hiyo ya pili ilitoka kwenye chuo cha viziwi cha NTID kule Rochester, Marekani. Mchapaji anaandika vifupisho, kompyuta inavitanua, na yeye anabeba maana badala ya kila neno, marudio na "yaani yaani" anayatupa.

Watu wanaidharau hii na mi nadhani wanaionea. Maandishi yake yanasomeka vizuri kuliko yote, sentensi zimekaa, macho hayachoki. Kwa mwanafunzi ambaye anataka kuelewa somo inaweza kuwa bora kuliko neno kwa neno, maana mhadhara uliomwagwa wote kama ulivyo kwenye skrini ni mto, unasoma mpaka unasahau kufikiri. Na kwa Kiswahili haihitaji teknolojia yoyote ya ajabu, inahitaji mtu mwenye akili na vidole. Vifupisho kwetu vina kasoro yake kidogo, kitenzi kinabadilika mbele kila saa, nimekuambia, atakuambia, hawajatuambia, huwezi kuwa na kifupisho cha kila sura, kwa hiyo wanaofanya vizuri wanafupisha vifungu vinavyojirudia na majina ya taasisi, vitenzi wanavichapa.

Ila jinsi inavyodanganya ni kwa kunyamaza. Kilichoachwa hukioni. Mchapaji kaamua lile sio la maana, labda kwake sio la maana, kwako ndo lilikuwa la maana kuliko yote. Kwenye kikao cha nidhamu au kusomewa masharti ya mkopo mi siikubali hata kama mchapaji ni rafiki yangu.

AI peke yake

Haichoki, haihitaji kubukiwa wiki mbili kabla, ipo kwenye simu yako saa nane usiku. Hilo tusilichukulie poa, kuna mazungumzo mengi ambayo kabla ya hizi programu nisingeyapata kabisa, dereva, muuguzi wa mapokezi, jirani. Programu ya Whisper ya kampuni ya OpenAI ilipotoka 2022 ilikuwa imefundishwa kwa saa 680,000 za sauti na Kiswahili kimo ndani, na programu nyingine kubwa nazo zina Kiswahili. Kwa mtu mmoja, maiki karibu, anaongea taratibu lugha moja, inafanya kazi nzuri tu.

Ikiharibika sasa. Watu wawili wakiongea kwa pamoja inachagua mmoja au inawachanganya kuwa mtu mmoja mwenye mawazo mawili. Mtu akiingiza Kiingereza katikati ya Kiswahili, na wengi tunaingiza, inalazimisha maneno ya lugha moja yawe ya nyingine. Majina ya watu ni bahati nasibu. Ukimya nao ni hatari, Whisper inajulikana kwa kutunga sentensi wakati hakuna aliyeongea, na tena iliundwa kula sauti kwa vipande vya sekunde 30 kwa hiyo kuifanya iwe laivu ni ufundi wa ziada ambao wengine wanaufanya vizuri na wengine hovyo. Kuna na kero nyingine ambayo ni msomaji tu anaijua, maneno yanabadilika wakati unayasoma, programu inakisia, inapata muktadha, inarudi kubadilisha mstari uliokwishausoma. Stenotaipu inafuta pigo la mwisho, hii inafuta sentensi uliyokwishaiamini.

Na hapo kwenye kosa linalovaa suti ndo iko kileleni. Kila kitu kimeandikwa kwa tahajia safi, nukta iko mahali pake, hata pale ambapo ni uongo mtupu. Kiswahili kinaifanya hali kuwa mbaya zaidi kwa sababu kukanusha kwetu kunaning'inia kwenye silabi ndogo ya mwanzo, ile ile ambayo mtu anaimeza akiongea haraka. Atakuja, hatakuja. Ni pumzi tu ya tofauti, na kuna wazungumzaji kibao ambao ile h hawaitamki vizuri hata ukiwa unawaangalia mdomoni.

Uliza pia sauti inakwenda wapi. Programu nyingine zinafanya kazi ndani ya kifaa, nyingine zinapeleka kila neno kwenye seva za watu. Kwa kikao cha harusi haina neno, kwa ushauri nasaha au majibu ya vipimo ni jambo zito.

Sasa ukiziweka pamoja

Kama ni mahakama, hospitali, nidhamu kazini, chochote ambacho "hapana" ikigeuka "ndiyo" mtu anaumia, chukua binadamu. Kwa Kiingereza mwandishi wa stenotaipu ndo wa kwanza, mrudiaji wa pili. Kwa Kiswahili nasema tofauti na wengi, mrudiaji mzuri mwenye mwenzake wa kusahihisha ningemchukua kabla ya mwandishi wa stenotaipu ambaye kamusi yake ya Kiswahili ni changa, cheti chake cha Kiingereza hakinisaidii mimi. Ukiwa na daktari na umebaki na simu tu, tumia simu, ila dozi na kila kitu chenye "usi-" au "ha-" mwambie akuandikie kwa mkono.

Darasani muulize mwanafunzi mwenyewe, usimchagulie. Wapo wanaotaka kila neno na wapo wanaotaka maana, na somo la namba na fomula linamchosha kila mtu, stenotaipu na kibodi wote wanahangaika nalo, hapo ubao na slaidi zinasaidia kuliko mnukuzi yeyote.

Kikao cha wiki cha watu sita mtandaoni, kila mmoja na maiki yake, AI inatosha. Ukimpata mtu mmoja wa kukaa anairekebisha majina na makanusho huku inaandika basi umepata kitu ambacho kwa Kiswahili kwa sasa mi naona kinaizidi AI peke yake kwa mbali sana.

Kuna watathmini wanaotumia kipimo cha NER cha Pablo Romero-Fresco na mwenzake Juan Martínez, ambacho hakihesabu tu makosa bali kinayapima uzito, dogo, la kawaida, zito, na kiwango cha kukubalika ni 98%. Ukiwa na huduma unailipia kila mwezi waombe wapimwe kwa hicho badala ya asilimia ya kwenye tangazo, kwa sababu kosa zito kwenye kipimo hicho ni lile lile la kuleta maana ya uongo yenye sura ya ukweli.

Na maiki jamani. Yoyote utakayemchukua, hata wa bei kubwa kuliko wote, hawezi kunukuu asichokisikia. Mnukuzi anayekaa mbali na kusikiliza kwa intaneti anapata sauti mbovu kuliko uliyoizoea wewe ukumbini. Mtumieni majina ya watu, ajenda na slaidi siku mbili kabla, stenotaipu anaviingiza kwenye kamusi, mrudiaji anaviingiza kwenye programu, mchapaji anatengeneza vifupisho. Saa nazo wamwachie mzungumzaji, akisema saa mbili asubuhi iandikwe saa mbili asubuhi, nimeshafika sehemu nimechelewa kwa sababu ya mtu aliyejifanya anatafsiri saa.

Mi nikiletewa mnukuzi mpya au programu mpya, kabla ya kikao namwomba mtu asome sentensi hizi kwa spidi ya kawaida, bila kuzikazia: Atalipwa kesho. Hatalipwa kesho. Hajalipwa. Tulikubaliana wasilipwe. Meeting ya saa tatu imesogezwa, si leo. Halafu sihesabu makosa, naangalia tu kama pale palipokosewa pananionyesha kwamba pamekosewa.